Halua ya Njia Panda

Majuzi niliingia kwa sonara kumchukulia mke wangu bangili, nzito, za watu wanaojiweza, na mimi najiweza, alhamdulillahi. Kijana akapuliza makaa kwa mrija wa shaba. Ile harufu ya makaa na fedha inayoanza kulainika ikanishika puani, na mimi, mwenye malori mawili na nyumba ya ghorofa niliyoijenga bila kusaidiwa na mtu, nikajiona nimekaa juu ya jamvi Wete, mtoto mwembamba, nasubiri kufa.

Nisikilizeni basi. Ilikuwa kabla ya Uhuru, kwetu Kiuyu. Nilikuwa natoka chuoni, kusoma Kurani, mchana, nikakuta pale njia panda jani la mgomba, na juu yake yai, ubani, na pande la halua. Kila mtoto wa Pemba anajua kafara hiyo: mtu anaumwa, mganga kamtoa maradhi, kayaweka pale yachukuliwe na atakayegusa. Na mimi nilijua. Lakini halua, ndugu zangu! Nyekundu, inang'aa samli, iliki inakuita kwa jina. Tumbo halikusoma chuo. Nikaila yote, nikalamba na jani, nikaenda kucheza gololi, na siku ile niliwafunga wote. Nilikuwa bingwa wa gololi, waulizeni waliobaki.

Magharibi binamu yangu Mbarouk akauona mdomo wangu unang'aa.

"Umekula nini, na wapi?"

Nikamwambia. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Yakhe! Umekula maradhi ya mtu! Ushakwisha wewe."

Hapo hapo nikakimbilia nyumbani, nikajilaza. Usiku homa, asubuhi natapika. Uji haukai, maji hayakai. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa mjane na mimi ndiye pekee aliyebakishiwa. Usiku halali, mchana hali, mkono wake uko kifuani pangu akisikiliza kama bado nipo. Akanipeleka kwa shehe, nikanyweshwa kombe la zafarani, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Wapi! Shehe akaandika hirizi, akasema itiwe ndani ya kikasha cha fedha. Mama akavua furungu lake la fedha la mguuni, zawadi ya marehemu baba, akanibeba mgongoni hadi kwa sonara wa Wete likayeyushwe.

Sonara mwenyewe alikuwa mtu wa Silani, kisiwa kilicho kusini mwa Bara Hindi. Watu wakimwita Msilani. Rafuni kwake palikuwa na sanamu dogo la mtu aliyekaa kafumba macho, na ua la asmini mbele yake. Mama akaingia akijisomea Ayatul Kursiy kimoyomoyo, akajitaja, akamweleza fundi habari yote ya halua, macho yakiwa kwenye lile sanamu.

"Usiogope, Bi Mize," akasema. "Huyo si Mungu. Ni mwalimu wetu, Buda. Mtu kama mimi na wewe, ila yeye aliutazama moyo wake mpaka akaujua."

Akalitia furungu kwenye chungu chake kidogo, akapuliza. Kisha akaniuliza, bila haraka, "Ile halua ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Ikageuka chungu lini?"

Nikafikiri. Sikuwahi kuulizwa swali kama lile. "Aliposema Mbarouk."

"Alaa. Kwa hiyo tumbo lilipokea halua, likanyamaza. Lililokuumiza limeingilia sikioni."

Mara fedha ikaruka tone, likamtua kidoleni. Nyama ikanuka. Mama akapiga ukelele. Yeye akakitazama kidole, akavuta pumzi, akakichovya majini.

"Hakiumi?" nikauliza.

"Kinauma sana. Moto ni moto, mwanangu. Lakini kinauma kidole. Nikianza na kusema, kwa nini mimi, nani kanifanyia, kesho itakuwaje, basi nimejichoma mwenyewe mara ya pili, na safari hiyo mwili mzima."

Akanionyesha makaa. Akipuliza, yanawaka mpaka meupe. Akiacha, yanafifia. "Hofu yako nani anaipuliza? Fumba macho. Pumzi inaingia, inatoka, ifuate tu. Hofu ikipita, itazame kama mpita njia. Usimfukuze, usimwite ndani."

Nikafumba. Wallahi, sijawahi kuona ajabu kama ile, na mimi nimeona mengi. Niliitafuta maiti yangu humo ndani, na maradhi ya mtu nisiyemjua, sikuyakuta. Nilikuta sauti ya Mbarouk tu, inasema yale yale, inarudia, inarudia, na nyuma yake kimya kikubwa kama bahari imekupwa. Nikakaa kwenye kimya kile nikistaajabu kwamba kumbe ni changu, nilikuwa nacho siku zote.

Kisha tumbo likanguruma.

"Mama, nina njaa."

Mama akalia. Mkate wa ajemi alioutoa Msilani niliupukutisha wote, na ukakaa tumboni.

Msilani akarudi kwenye kazi. Akaifua fedha, akaichonga maua madogo pembezoni, akailainisha kwa subira mpaka alasiri. Mimi nikaona mtu huyu ajabu.

"Fundi, si nimeshapona? Ya nini tena?"

Akamtazama mama, akajibu kwa sauti ya chini, "Kazi haijaisha."

Sikumwelewa. Aliimaliza, mama akaitia karatasi ya shehe, akanifunga shingoni, akasema "Bismillahi." Kisha akaegemea ukuta wa yule mtu aliyekuwa akimwogopa, chini ya sanamu lile lile, na usingizi uliomkimbia tangu halua ukamchukua. Msilani akaweka mrija chini ili asimwamshe.

Kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu, darasa la tatu nililiacha njiani na sikumwomba mtu. Hili la kuitazama hofu peke yake nilipewa. Ghala langu lilipoungua, watu walikuja kunipulizia makaa, nikawaacha wapulize. Kilichoungua kilikuwa ghala.

Lakini ile hirizi ilinichukua miaka kuelewa ilikuwa ya nani. Mama alikufa akiamini ndiyo iliyoniponya, nami sikumbishia hata siku moja. Siku ile dukani wagonjwa walikuwa wawili, na mimi nilikuwa nimeshapona.