Siku Niliyozima Transfoma

Transfoma ya zamani ililipuka nikiwa na mwaka mmoja tu kazini, kwenye kiwanda cha saruji Athi River. Mafuta yanayowaka yalimrukia fundi mkuu, mzee aliyenifundisha kazi. Alipona, lakini mikono yake haikushika bisibisi tena.

Transfoma mpya ilipoletwa, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ilifungwa vifaa vya kuisikiliza mchana na usiku. Karatasi inayozuia umeme ndani ya transfoma ikianza kuchoka, cheche ndogo sana huruka humo kwenye mafuta. Sikio haliwezi kuzisikia. Vifaa vile vilizinasa na kuzionyesha kwenye kompyuta kama vidoadoa, na kazi ya kuvitazama nikapewa mimi.

Kwa miezi mingi vidoa vilikuwa vichache tu. Asubuhi moja, chai ikiwa mkononi, niliona vimeongezeka. Labda kuna mtu anachomelea vyuma karibu na vifaa vinanasa cheche zake, nikajiambia. Nikapiga simu karakana. Hakuna aliyekuwa akichomelea. Kufika saa nne vilikuwa vimejaa nusu ya skrini. Dirishani niliwaona wapaka rangi wawili kwenye uzio wa transfoma, wanacheka.

Nikampigia meneja.

“Bosi, naomba tuzime.”

“Tanuri iko na moto, wewe! Ikisimama ghafla itaharibika. Hiyo kompyuta ni mpya, labda inadanganya.”

“Na kama haidanganyi?”

“Ngoja wataalamu wa transfoma. Wanakuja kesho.”

Nilitoka mbio nikawaambia wapaka rangi waondoke.

“Yiiya, mama, hatujamaliza!” mmoja akalalamika.

“Ondokeni!” Sikuitambua sauti yangu.

Walipokwenda nilibaki pale kidogo. Transfoma ilikuwa inanguruma vilevile kama jana na juzi. Hakuna moshi, hakuna harufu. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu hata ile ya zamani ilikuwa hivyohivyo kabla ya kulipuka.

Niliporudi, vidoa vilikuwa vimefika juu kabisa. Nikabonyeza swichi ya kuzima. Kiwanda kizima kikanyamaza.

Meneja aliingia anahema. “Umefanya nini?”

Nilimgeuzia skrini avione vidoa.

Wataalamu walitoa mafuta na kufungua transfoma kwa siku tatu. Kila jioni nilirudi nyumbani Machakos nikashindwa kula. Sasa niliogopa kitu kingine: kwamba hawatapata lolote, na mimi ndiye niliyeharibu tanuri bure.

Siku ya nne niliitwa. Juu ya gazeti walikuwa wametandaza kipande cha karatasi kilicholowa mafuta. Mistari myeusi iliyochomwa na cheche ilikuwa imetambaa juu yake kama mizizi.

“Ilibakiza hapa tu,” mtaalamu alisema, akinionyesha upana wa ukucha. “Ingefika upande wa pili, mngezika watu.”

Meneja alinisogezea kiti chake, nami nikakaa.

Niliendelea na kazi ile miaka mingine sita. Kila asubuhi, kabla ya kuigusa kompyuta, nilisimama kwanza mlangoni mpaka moyo utulie.