Ndege Niliyoishonea Mabawa

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege, mie mshonaji. Tulipanga vyumba viwili Temeke, na cherehani yangu ilikaa barazani. Yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, mtoto wa mchonga vinyago, na patasi za baba yake alikuja nazo mjini ingawa kazi yake ilikuwa ya chuma.

Ndege yenyewe iliachwa na mzungu mwenye shamba la mkonge aliyeondoka mashamba yalipotaifishwa. Ilikuwa ndogo, ya viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na mabawa yake yalikuwa ya mbao zilizovikwa kitambaa. Ilitupwa nyuma ya karakana uwanja wa ndege, mchwa wakaanza kuila. Mkuu wa karakana alimwambia mume wangu, "Ukiifufua, utajifunzia kurusha humohumo." Siku ile alirudi nyumbani na chakula hakukigusa.

"Mama watoto," akaniambia, "unaweza kushona bawa?"

Nikacheka. Watoto hatukuwa nao. Tulimzika mmoja, wa siku tisa, lakini mume wangu hakuacha kuniita hivyo.

Kazi ilichukua miaka miwili, jioni kwa jioni na kila Jumapili. Mbavu za bawa zilizoliwa na mchwa alizichonga upya kwa patasi za baba yake, nyembamba mpaka ukiinua moja kwenye jua unaona rangi ya mbao inabadilika. Bawa la kwanza lilikuja Temeke kwa mkokoteni, likafunga uchochoro mzima. Majirani walitoka kutazama. Wanawake wa nyumba yetu walinishikia kitambaa kila mmoja upande wake, nami nikapiga mishono kwa mkono, sindano ndefu, uzi uliopakwa nta, fundo kila upana wa vidole vitatu. Yeye alipita nyuma yangu akikagua.

"Hapa fumua."

"Pana nini?"

"Pamelegea. Gauni likifumuka mtu anaona haya. Hili likifumuka, mtu anakufa."

Nilifumua. Nilinuna siku nzima, lakini nilifumua.

Injini ilipowaka mara ya kwanza alikuja mbio hadi niliposimama, akanishika mabega, akanizungusha. Sikupata kumwona vile tena.

Kabla ya kuanza masomo ilimbidi apimwe afya. Alienda amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, akamwita mwenzake naye asikilize. Moyo wake ulikuwa mbovu, pengine tangu utotoni, na ulikuwa umeanza kutanuka. Kurusha ndege asahau. Ngazi pia apunguze.

Alinieleza akiwa ameketi kitandani, viatu bado miguuni. Kisha akasema, "Utajifunza wewe."

"Mie? Mie mshona sare za shule?"

"Kila uzi wa lile bawa unaujua. Nani mwingine anaujua?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia anajali ndege kuliko moyo wake. Nilisema na maneno mengine ambayo sitayaandika. Wiki mbili tulikaa kimya ndani ya vyumba viwili, mpaka asubuhi moja nikamwona anapumzika katikati ya ua na ndoo ya maji mkononi, hatua kumi tu kutoka bombani. Nikaichukua ile ndoo. Jumapili iliyofuata nikaenda uwanjani.

Mwalimu wangu alikuwa rubani wa makamo kutoka Moshi, mpole, mwenye kuniita "ndugu" hata ninapokosea vibaya. Alikaa kiti cha mbele, mie nyuma. Miezi mitatu nilitua kama gunia linaloshushwa kwenye lori. Mume wangu aliletwa na baiskeli ya rafiki yake, akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya karakana, na nikishuka alikuwa na orodha ya makosa yangu kichwani. Baadaye hakuweza tena kuja hata kwa baiskeli. Miguu ilimvimba. Tukamlaza hospitali ya Mwananyamala.

Nilitaka kuacha. "Ukiacha," alisema, "nitakuwa nimelala hapa bure."

Siku moja ya Jumapili, baada ya kutua mara tatu, mwalimu alifungua mkanda wake akashuka. "Sasa nenda, ndugu. Zunguka mara moja, urudi."

Nikaenda peke yangu. Bila uzito wake ndege ilipaa upesi kuliko nilivyozoea. Niliona mabati ya Vingunguti, moshi wa machinjioni, na upande wa pili mashamba ya mihogo kuelekea Pugu. Upepo ulikuwa mtulivu. Nilisikia nyaya zinazokaza mabawa zikilia na kitambaa kimekaza kama ngoma, mishono yangu mwenyewe, na nikaimba. Nilitua vizuri, mara ya kwanza bila kuruka-ruka.

Saa ya kuona wagonjwa nilikuwa kando ya kitanda chake. Nilimsimulia yote, tangu kuwasha hadi kuzima. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Bawa la kulia halikuvuta chini?"

"Halikuvuta."

"Nilijua," akasema, na akatabasamu kidogo.

Kuna jambo moja sikumwambia. Kule juu, kwa zile dakika chache, nilikuwa nimemsahau. Si ndege tu niliyoifurahia. Nilisahau kwamba nina mume, kwamba anaumwa, kwamba nitamzika. Nilikuwa mwepesi kama msichana. Magurudumu yalipogusa ardhi ndipo nilipomkumbuka, na nikaona haya hata mbele ya mwalimu. Alifariki Alhamisi iliyofuata, alfajiri, mie nikiwa njiani na uji.

Baada ya arobaini niliruka peke yangu mara mbili zaidi. Kisha mafuta yakawa adimu, safari za mazoezi zikasimamishwa, mwalimu akahamishiwa Mwanza. Ndege ilisukumwa kona ya karakana. Masika mawili yakapita, nikaambiwa imeuzwa vipande vipande. Sikwenda kuangalia.

Niliendelea kushona. Wateja wengi hawajui kwamba niliwahi kushika usukani wa ndege, na siku hizi wajukuu wa dada yangu nikiwaambia wanadhani nawatania. Siwabishii. Sikuwa rubani mimi. Niliruka peke yangu mara tatu tu maishani, na katika hizo ni ile ya kwanza tu niliyoifurahia, naye akiwa hai, amelala Mwananyamala, akinisubiri.