Mama Béthanie na Mtandao wa Msibani

Shemeji yangu Béthanie Kaumba hapendi kuharakishwa. Alifundisha hesabu miaka mingi katika shule ya Wamethodisti hapa Kamina, mji wetu wa reli, na hadi leo ukimjibu ovyo anakutazama tu mpaka ujisahihishe mwenyewe. Alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, alianza kuuza intaneti. Mlingoti wa antena nilimchomelea mimi kwa vyuma chakavu, maana nilikuwa fundi wa karakana ya reli. Mtaa mzima hununua tikiti za mtandao kwake. Hata mimi nanunua, shemeji gani huyo!

Bure anaitoa mahali pamoja tu, msibani. Mtu akifa, Béthanie hufungua mtandao kwenye nyumba yenye kilio mpaka watu watawanyike. Watoto wa familia za reli wako kila mahali, Kolwezi, Lubumbashi, wengine Ulaya. Simu inawekwa juu ya kiti, mstari wa mbele, na mwana aliye mbali anamwona mama yake akiagwa, analia pamoja na ndugu zake. Hakuna anayelipa.

Kisha betri za sola zinazoendesha mitambo zikazeeka. Mvua zilipoanza, mtandao ulizimika mchana kweupe na wateja wakanung'unika. Ilibidi apate fedha, la sivyo afunge, na mtandao wa bure wa msibani uishe.

Wa kwanza kuja alikuwa Malachie, mtumishi wa serikali ya mkoa, kijana mpole. Fedha aliyoileta haikuwa deni. Ingetosha betri mpya, mlingoti wa pili upande wa Base, kwenye kambi ya jeshi, na shule zote zingeunganishwa bila kulipa. Hapo nilimwona mwalimu akitabasamu. Ila mitambo ingekuwa mali ya serikali, na ruhusa ya kufungua mtandao ingetoka ofisini kwao.

"Mutoto wangu," Béthanie akamwuliza kuhusu mtandao wa msibani, "muntu akikufa huku, nani atafungula réseau?"

"Utaandika barua, Mama. Directeur akisaini, tunafungula."

"Na akikufa samedi?"

Malachie akajikuna kichwa. "Lundi, Mama."

Ufe Jumamosi, mtandao ufunguliwe Jumatatu! Nilicheka mpaka nikakohoa. Barua ya pensheni yangu mwenyewe bado inatafuta njia! Béthanie hakucheka. Zile shule zilimuuma, naye akamwomba Malachie asilifunge faili lake.

Wa pili alikuwa Xavier, wa kampuni binafsi ya Lubumbashi, mwenye viatu ambavyo vumbi letu lilivishughulikia mapema. Fedha yake ilikuwa ndogo, ya betri tu, lakini ingefika haraka. Kampuni ingechukua sehemu ya mapato na kufuatilia kila tikiti. Shule zingelipa kama wengine. Béthanie akamwuliza swali lilelile.

Xavier akatabasamu. "Hakuna shida, Mama! Iko publicité muzuri. Tunaacha bure, tunatundika banderole ya kampuni pale kwa kilio."

Kitambaa cha matangazo msibani! Nilijua moto unakuja.

"Banderole? Monsieur, utundike kwanza kwa kilio ya mama yako. Minyi mwenyewe nitakuja kuisoma."

Kijana akainamisha kichwa. Nilidhani biashara imekwisha, na kusema kweli nilikasirika, kwa sababu betri zile nilizitaka kuliko shemeji mwenyewe. Lakini Xavier akatoa kalamu, akaukata mstari wa banderole kwenye mkataba, akaandika humo kwamba msibani mtandao ni bure na swichi inabaki kwa Béthanie. "Pardon, Mama," akasema. Béthanie akasoma mkataba wote, akasahihisha kosa moja la Kifaransa, akasaini.

Betri zikafika, taa za mitambo zikawaka hata siku za mawingu, na wateja wakarudi wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Tulifurahi. Ila shemeji yangu hakuwa ametulia kabisa, maana mwenye fedha ni mwenye fedha. "Shemeji," aliniambia, "tutamujua siku kilio itafika."

Kilio kikafika, cha mzee Mukalay, dereva wa treni wa zamani. Béthanie akafungua mtandao. Kesho yake simu yake ikalia. Alikuwa Xavier. Béthanie akaweka sauti kubwa ili nami nisikie, uso ameukaza.

"Mama, huku Lubumbashi naona réseau imejaa bantu, na ticket haiko hata moja."

"Iko kilio, Monsieur."

Nikaziona betri zetu zikirudi kwenye lori.

"Njo nani alikufa?"

"Tata Mukalay, wa treni."

"Pole sana, Mama. Pole kwa familia yote." Kisha akauliza: "Na bale ba mbali, banaona muzuri? Image iko clair?"

Béthanie akashika ncha ya kitenge, akajifuta macho bila kunificha.

"Iko clair," akamjibu. "Iko clair sana, mutoto wangu."