Kisiwa cha Kobe na Bustani ya Mtani Wangu

Mtoto wa mjomba wangu ni mtani wangu, na utani wake hauna breki. Mbele ya mume wangu ananiita "mke wangu". Akinikuta nakula ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, anakaa, anaila yote, halafu ananawa mikono na kusema nimeipika vibaya. Kumkasirikia siruhusiwi, maana mtani hakasirikiwi, na mimi hasira zangu ziko karibu sana, waulizeni majirani zangu wa Newala. Mungu alijua alichokuwa anafanya aliponipa huyu.

Nilizaliwa bondeni, kando ya Ruvuma, nikaolewa juu, mjini Newala, ambako maji tunanunua kwa ndoo na mvua ikigonga bati tunatoka mbio na masufuria. Kiangazi kimoja nilishuka kutengeneza paa la nyumba ya marehemu mama, nikaishia kutazama ndege. Mto ukipungua, katikati hutokeza kisiwa kirefu cha mchanga mweupe. Ndege hutaga pale pale juu ya mchanga mtupu, bila hata jani la kujifichia. Kobe wa mtoni, wale wenye gamba laini kama ngozi, hupanda kuja kufukia mayai yao. Na huko huko mtani wangu huyo, binamu yangu, hulima nyanya na vitunguu.

Yupo ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu, anaruka chini chini akiuchana mto kwa mdomo ule. Jua likiwaka anakwenda kulowesha tumbo lake, kisha anarudi mbio kuyalalia mayai yapoe. Anakwenda, anarudi, kutwa nzima. Mimi niliyebeba ndoo kichwani tangu utoto nilimwelewa bila kufundishwa na mtu. Nikasema, huyu mwenzangu.

Lakini watu walikuwa wanaokota mayai yote, ya ndege na ya kobe, wanakwenda kukaanga. Tukaunda kikundi, wanawake tupu, tukaenda mkutano wa kijiji kuomba nusu ya chini ya kisiwa iachwe. Jamani, tulizomewa! Binamu yangu alisimama akauliza kama kobe nao watakuja kuchimba msingi wa zahanati ambayo kijiji kilikuwa kinajenga. Watu wakacheka hadi wakapiga makofi. Mwisho mwenyekiti akaamua tupewe msimu mmoja wa majaribio. Mayai yakianguliwa, nusu hiyo itaendelea kulindwa. Yasipoanguliwa, nusu ile inarudi kwa binamu yangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiilima.

Basi nikawa askari. Nilichomeka vijiti, nikafunga kamba, nikafukuza mbwa, nikagombana na wavuvi wa kwetu na wa ng'ambo, Msumbiji. Binadamu niliwaweza, kenge sikuwaweza. Waliyala mayai ya ndege yote, tundu moja baada ya jingine, na yule mwenzangu wa mdomo mwekundu akabaki anazunguka juu akilia. Nililia naye. Likabaki tundu moja tu la kobe, kwenye ncha ya chini ya kisiwa, na kila tulichokiomba kwenye mkutano kikawa kimefukiwa pale.

Binamu yangu nilimhubiria asubuhi na jioni. Tundu lile usilikanyage. Na hata ukiyaona mayai, usiyaguse, haya si ya kuku. Kuku anayageuza ya kwake na hayadhuriki, ya kobe ukiyageuza umeshaua kilichomo ndani. Anaitikia, "Ndiyo, mke wangu," huku anamwagilia nyanya. Niliona kabisa kwamba yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Msimu wa korosho ulipopamba moto, wenzangu wa kikundi wakapanda juu kwenye mikorosho yao. Mimi nikaitwa Masasi, binti yangu anayekaa Mkomaindo kajifungua. Mjukuu wa kwanza, ningekataaje? Mtoni akabaki binamu yangu peke yake.

Asubuhi moja namwogesha mtoto, simu ikaita. "Mke wangu, mto unapanda."

Nikachungulia dirishani. Jua kali, vumbi, hata wingu la kusingizia halipo. Na huyu huyu siku chache nyuma alinipigia kuniambia mayai kayakaanga na vitunguu, nikapiga ukelele hadi wapangaji wenza wa binti yangu wakatoka vyumbani. Nikasema leo hanipati. "Nenda kamtanie mkeo," nikamwambia, nikakata simu.

Mchana nikaenda gengeni kutafuta mboga. Nyanya hakuna. Mwenye genge akaniambia mzigo wa kutoka bondeni haukuja, mvua kubwa imenyesha Songea huko, maji yameshuka na Ruvuma imefunika bustani za watu. Roho ikanipasuka. Nikampigia binamu yangu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani.

Nawaambia ukweli, sikuogopa maji peke yake. Mayai yakizama, yeye ndiye mwenye kupata. Wala hana haja ya kufanya ubaya wowote, akae tu juu ya jembe lake atazame. Nilizunguka uani hadi binti yangu akasema, "Mama, nenda. Hapa unanichosha kuliko mtoto." Nikapanda gari la Newala jioni ile ile, na kulipokucha nikachukua bodaboda kushuka bondeni. Dereva alinisalimia shikamoo mara mbili, nadhani, ndipo nikakumbuka kuitikia marahaba.

Mto haukuwa ule niliouacha. Maji ya udongo, magogo yanapita, povu. Ncha ya chini ya kisiwa haikuwepo. Vijiti vyangu na kamba yangu havikuwepo. Nilikaa chini kwenye ukingo, nikaangua kilio kwa sauti, mtu mzima mimi.

"Nani kafa huko?" sauti ikauliza kutoka majini.

Binamu yangu alikuwa amesimama kwenye kipande kilichobaki cha kisiwa, upande wa juu, jembe begani. Akanifuata na mtumbwi. Hata salamu sikumpa. "Mayai yako wapi?"

"Nimekula," akasema. Kisha akanitazama usoni, akaona si pa utani, akanishika mkono kunivusha.

Tuta lake la juu kabisa, la vitunguu, lilikuwa limeng'olewa lote. Vitunguu vimerundikwa pembeni, vimesinyaa. Juu ya tuta kalaza miiba, na chini ya miiba mchanga umelainishwa vizuri. Akapiga goti, akaufukua kwa kidole taratibu mpaka yai la kwanza likaonekana. Juu yake palikuwa na alama ya mkaa. Kila yai alilitia alama upande wa juu kabla hajalinyanyua, akalibeba kwenye beseni lake la kuogea lenye mchanga mbichi, akalilaza upya vile vile lilivyokuwa limelala.

"Miezi yote ile unanipigia kelele," akasema, "ulidhani naziba masikio?"

Nilimkumbatia, yeye anapiga kelele kwamba mume wangu atamwua. Baadaye ndipo nikakumbuka kumuuliza habari za nyanya, maana zilikuwa zimeiva, za kuvunwa wiki ile ile.

"Zimekwenda baharini. Samaki wa huko watajiungia mchuzi wenyewe."

Mikono yake ilikuwa miwili na maji yalikuwa yanapanda. Alichagua beseni la mayai. Nilimwuliza kwa nini, akasema amechoka, nimwache alale.

Mto ulishuka, na kabla mvua zetu wenyewe hazijashika, mchanga wa tuta lile ukaanza kutikisika. Tukamwita mwenyekiti, akaja anahema, akakuta vichwa vidogo vyenye pua ndefu vinachomoza kwenye bustani ya vitunguu. Binamu yangu alitangulia mbele yao na jembe, anasawazisha njia hadi majini, anawafukuza kunguru kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Nimeshuhudia. Nusu ile inabaki ya kikundi. Sasa wewe," akamwambia binamu yangu, "ulikuwa na nusu yote ile mkononi kama ungekaa kimya tu. Hujuti?"

Nilingoja mzaha. Binamu yangu aliegemea jembe, wala hakuniangalia.

"Mwenyekiti, tulipomzika shangazi, dada yangu huyu aliacha kushuka huku. Tukamwita harusini, hakuja. Tukamwita jandoni, hakuja. Nyumba ya shangazi ikabaki inaanguka tu. Ni hawa kobe na ndege wake ndio wanaomfanya akae. Mimi nyanya nitapanda popote."

Hakuwahi kuniita dada. Na alilosema ni kweli tupu, nyumba ile ilinishinda kuingia kwa miaka, na sikujua kama kuna mtu alikuwa akinihesabu. Nilijifunika uso kwa kanga, nikalia hadi nikatosheka, na nilipoifunua kanga, kifua changu kilikuwa chepesi.

Kobe wa mwisho alikuwa anaingia majini. Binamu yangu akamtazama akipotea, akaniuliza hao wageni wangu ndio wanaondoka hivyo, bila hata kumuaga mwenye bustani.