Kibofu cha Mwalimu Breki

Mbele ya uso wake wanafunzi walimwita Mwalimu. Kwenye benchi la nje ya ofisi, wakisubiri zamu zao, alikuwa Breki tu. Gari la shule ya udereva lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wake, na mguu wake haukuwahi kuiacha ipumzike. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwili mdogo, sauti kubwa, na hakuwa na habari ya kumbembeleza mtu. "Umemuona yule mama anayevuka?" angemwambia mwanafunzi. "Yeye amekuona. Ndiyo maana anakimbia."

Mimba ilimkuta kazini na haikumhurumia. Tangu wiki za mwanzo alitapika kwenye mtaro, nyuma ya kituo cha mafuta, na siku moja, kwa kukosa pa kukimbilia, ndani ya koni ya kufundishia kuegesha, aliyoigeuza kichwa chini akasahau kwamba ina tundu kwenye ncha. Viti vya gari vikipata jua vilimnukia kama mbuzi. Yale manukato ya plastiki yaliyoning'inia kwenye kioo aliyang'oa na kuyatupa dirishani mbele ya mwanafunzi aliyekuwa ametoka kufundishwa kwamba kutupa taka barabarani ni kosa.

Hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia aliwahi kupata mimba nyingine, na hiyo aliitangaza kabla kipimo hakijakauka mkojo. Ikatoka ikiwa changa. Baada ya hapo kila aliyepiga simu kumpongeza alilazimika kupewa habari mpya, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaanza kuzima simu. Kwa hiyo safari hii yeye na mumewe, fundi wa majokofu, walikubaliana wafunge midomo mpaka miezi mitatu ikaribie kuisha na wamwone mtoto kwenye picha ya tumbo.

Shida ni kwamba mwalimu wa udereva akitapika garini, anayeshika usukani hujiona ndiye mwenye kosa. Aliyeumia zaidi alikuwa muuza magodoro, mtu mzima, mpana kama bidhaa zake, ambaye mkewe alikuwa amechoka kumwendesha huku na huku. Siku ya kwanza alikata kona, Breki akafungua mlango akatapika.

"Mwalimu, ni ile kona?"

"Endelea, mzee wangu. Kona haikuwa mbaya sana."

Hilo "sana" lilimkaa rohoni. Siku iliyofuata alileta vidonge vya safari. Siku nyingine akaleta pipi za tangawizi. Na kila somo alipunguza mwendo, mpaka mtu mmoja aliyesukuma toroli la matofali akawafikia, akawasalimia, akauliza habari za nyumbani, akawapita. Breki aliendelea kutapika. Mwishowe muuza magodoro akaenda ofisini kujishtaki.

"Nitafutieni mwalimu mwenye tumbo gumu," alimwambia Bosi. "Huyu nitamuua."

Bosi alikuwa na mashaka yake tangu zamani. Kutapika asubuhi, kusinzia mchana kwenye kiti cha gari, kukimbilia chooni baada ya kila somo: alijumlisha akapata jibu. Akamwita Breki na kufunga mlango.

"Unakunywa?"

"Maji tu, Bosi. Na hayo yenyewe hayakai."

"Usinifanyie mzaha."

Akatoa kwenye droo kidude cha kupima pombe, ambacho shule ilikuwa nacho kwa ajili ya kuwatishia wanafunzi. Breki akapuliza. Sifuri. Bosi akakitikisa, akakikagua, kisha ili kuhakikisha kinafanya kazi akapuliza mwenyewe. Kikawaka taa nyekundu na kulia kama kifaranga. Wakatazamana.

"Nadhani kimeharibika," Bosi alisema.

"Kitakuwa kimeharibika," Breki alisema, akatoka.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaelekea ukingoni, mambo yakabadilika. Asubuhi moja aliingia garini na viti vikanukia viti. Akakaa, akasubiri. Hakuna kilichopanda. Akala ndizi, ndizi ikabaki ndani. Mtu mwingine angeshangilia, lakini Breki aliganda palepale na ganda la ndizi mkononi, kwa sababu mwaka jana pia kichefuchefu kilikata ghafla, na kilichofuata hakutaka kukikumbuka. Akampigia nesi wa kliniki.

"Wengi huanza kupata nafuu wakati huu," nesi alisema. "Unatokwa damu? Tumbo linakukata?"

"Hapana."

"Basi kula. Ukiona damu au maumivu makali, usipige simu, njoo. La sivyo tuonane siku ya picha."

Akala, lakini kwa woga. Na kana kwamba mwili umeona kutapika hakutoshi, ukaleta vitimbi vingine. Choo kikubwa kiligoma. Kiungulia kilimpanda akiongea, akawa anafundisha alama za barabarani huku akibeua. Fizi zilimtoka damu akipiga mswaki. Kifungo cha suruali kilikataa kukutana na tundu lake, akakiunganisha kwa mpira wa kufungia nywele, akavaa shati refu juu. Matiti yaliuma kiasi kwamba mkanda wa gari ukawa adui, na mumewe akapewa amri ya kuyatazama kwa mbali kama mali ya serikali. Kibofu nacho hakikuwa tena chake. Alijua kila choo mjini, kipi kina sabuni na kipi kina mlinzi mkali.

Kwa hiyo siku ya picha, alipoagizwa anywe maji mengi na asikojoe, aliliona agizo hilo kama tusi. Lakini akanywa. Alipanga ratiba vizuri: somo la muuza magodoro, ambaye Bosi hakumpatia mwalimu mwingine, lingeishia mlangoni mwa kliniki, ng'ambo ya soko, na mumewe angemngojea hapo. Hakukumbuka kwamba kwa mwendo wa muuza magodoro, kuvuka soko ilikuwa safari ya kubeba chakula.

"Mzee wangu, ongeza mwendo."

"Utatapika, Mwalimu."

"Sitatapika."

"Hata siku ulipotapika ulisema hivyohivyo."

Alifikiria kubadilishana naye viti, lakini kushuka na kusimama wima kulikuwa na hatari zaidi kuliko barabara yoyote. Mbele yao mbwa alivuka, akasimama katikati, akajikuna, akaendelea na safari. Breki akafumba macho.

"Nina mimba," alisema.

Gari likazimika. Nyuma honi zikaanza.

"Si kona zako. Hazijawahi kuwa kona zako. Kuna mtoto humu, na mbele ya mtoto kuna kibofu kimejaa mpaka pomoni, na nina miadi ya kupigwa picha. Usipokanyaga mafuta sasa hivi, tutaogelea."

Muuza magodoro alimtazama tumbo, mikono juu ya usukani.

"Kumbe sikuwa na kosa," alisema polepole.

"Huna kosa hata kidogo. Washa gari."

Akawasha. Akaendesha kama mtu aliyefunguliwa pingu. Alilipita lori la mchanga, akaingia kwenye mzunguko akatoka alikopaswa kutokea, na akatumia indiketa. Breki, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakuigusa pedali yake, maana kukanyaga chochote kungefungua bomba. Kwenye kliniki gari liliegeshwa mshazari, likala nafasi mbili. Hakulisemea neno.

Mpiga picha alikuwa binti mchangamfu mwenye mikono ya baridi. Alimpaka mafuta mazito tumboni, akashindilia kifaa chake palepale penye mgogoro.

"Kimejaa vizuri," alisifu.

"Asante. Fanya haraka."

Fundi wa majokofu alisimama kando ya kitanda, bado ananuka gesi ya friji. Kwenye kioo kukatokea kiza, kisha umbo: kichwa kikubwa, tumbo, mguu. Likaruka. Hakuna aliyelisukuma, liliruka lenyewe. Binti akabonyeza kitufe na chumba kikajaa mdundo wa haraka, kama mtu anayekimbia ngazini na ndala.

"Hiyo ni mashine?" fundi aliuliza.

"Ni moyo wa mtoto."

Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu kama anavyosikiliza friji za watu. "Mota iko sawa," alisema.

Breki akacheka, na kucheka lilikuwa kosa. Kuhusu yaliyofuata, itoshe tu kusema kwamba binti alileta taulo, akasema si yeye wa kwanza, na kwamba Breki alilia na kucheka na kukojoa kwa wakati mmoja bila kuona haya.

Kesho yake alimweleza Bosi, ambaye hakuuliza mengi na alikubali upesi mno kumwondolea masomo ya asubuhi. Muuza magodoro alifanya mtihani wa leseni mwezi huohuo, akafeli kwa mwendo kasi. Aliwaambia wasimamizi kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Jumapili wakampigia mama mkwe, simu ikiwa mezani kati ya sahani.

"Miezi mitatu?" alisema. "Mnaficha mjukuu wangu kama mmemuiba?"

"Mama, tuliogopa," mwanawe alisema.

"Sikuongea na wewe. Nipe mwenzako."

Breki akaivuta simu.

"Mwanangu, mwaka jana ulinizimia simu. Ulilia na nani?"

"Na mwanao, Mama."

"Huyo anajua kulia?"

"Hajui. Anavuta kamasi tu."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Safari hii ukiogopa, nipigie. Hata kama huna la kusema. Unakula?"

Breki akatazama mezani. Sahani yake ilikuwa tupu, na ya mumewe pia, na hakukumbuka mumewe kutia kitu mdomoni.

"Nakula, Mama. Nimemaliza na cha mwanao."

"Mwache," mama mkwe alisema. "Ana mikono, atajipikia."