Saa Nane ya Shemeji

Jina la Mwalimu Daftari nilipewa ukweni, Magu, siku ya kutoa mahari, na aliyenipa ni kaka mkubwa wa mke wangu. Kulikuwa na joto, nikajipepea na daftari. Nani huenda kutoa mahari na daftari? Mimi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikiamini kwamba wakati wowote litatokea jambo la kuandikwa.

"Mtazameni," alisema mbele ya wazee. "Amesoma mpaka vitabu vimemwishia, na upepo bado anaupata kwa daftari!"

Wazee walicheka. Mama mkwe, ambaye kwa mila sikupaswa hata kumtazama usoni, nilimsikia akicheka nyuma ya mlango. Hicho ndicho kilichoniuma. Kwa miaka mingi baadaye, nikifika tu, watoto walikimbia kutangaza: "Daftari amekuja!" Nilitaka kisasi, ila sikuwa na haraka. Mshahara wa ualimu hufundisha subira.

Ikaja biashara huria. Shemeji akaingia kwenye minofu ya sangara, akajenga Ilemela, juu ya mawe, nyumba ya madirisha ya vioo visivyofunguka. Baridi ingeletwa na mtambo mmoja, ikagawanywa sehemu tatu: sebule, vyumba vya kulala na chumba cha mama yake. Kila sehemu ilitaka kidhibiti joto chake ukutani. Orodha ya kuchagulia ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikaitwa.

"Shemeji, kazi yako kusoma. Soma."

Nilimsomea kwa uaminifu. Aina ya kwanza ina kigurudumu: unazungusha, baridi inakuja. Ya pili ina vitufe: unaipangia saa za kuwaka na kuzima, siku kwa siku. "Hii ya pili inaleta hata joto," nikamwambia.

"Joto la nini Mwanza?"

"La wenye baridi."

"Basi hiyo. Nisije nikapungukiwa. Ya kigurudumu ni ya walimu."

Siku ya kubariki nyumba, chakula kilipangwa saa nane mchana. Fundi alikuwa ameshalinganisha saa za vidhibiti vyote vitatu na saa halisi, akaondoka. Asubuhi shemeji alisimama mbele ya ukuta, mimi nyuma yake.

"Kuwaka saa nane," akasema, akabonyeza mpaka ikatokea 8. "Mchana ni PM, siyo?"

"Ni PM."

"Kuzima saa kumi na mbili." Akabonyeza mpaka 12, kisha akafanya hivyohivyo kwenye vile viwili vingine.

Kwa Kiswahili alikuwa sahihi kabisa. Mashine haikujua Kiswahili; saa nane yetu kwake ilikuwa saa mbili usiku. Mimi nilijua lugha zote mbili, nikanyamaza katika zote mbili.

Saa nane ikafika. Padri alibariki nyumba huku jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Shemeji, ndani ya suti, alikwenda ukutani mara nne akabonyeza kila kitu. "Inajiandaa," aliwaambia wageni. "Mitambo mikubwa haikurupuki."

Ndipo mama mkwe, kutoka upande wa pili wa sebule, akanisemesha mwenyewe kwa mara ya kwanza: "Baba, lile daftari lako umekuja nalo?"

Nilikuwa nalo. Nilikuja nalo makusudi. Kwa kuwa mila hainiruhusu kumsogelea, nilimpa mke wangu ampelekee, na mama mkwe akajipepea mbele ya ukoo mzima, taratibu, akisema, "Ahsante, Mwalimu." Mwalimu, basi. Bila Daftari.

Shemeji akaniinamia, kola imelowa. "Shemeji, huna jingine?"

"Vitabu vimeniishia," nikamjibu.

Nasikia jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, nyumba ilipoa ikawa kama ghala la samaki. Siku hizi shemeji huwaeleza watu kwamba mitambo ya kisasa hupumzika mchana. Kuisahihisha ile saa ni kazi ya dakika moja. Bado sijapata nafasi.