Jina Lisilo na Nafasi Kwenye Fomu

Kaeni vizuri kwanza, kwa maana habari hii ina hasira ndani yake, na hasira ukiisikiliza ukiwa umesimama utaishia kugombana na mtu asiyehusika.

Drusilla Nyangate alitoka chuo cha ualimu mwaka wa 1966 akiwa na cheti cha P3, sanduku la bati na kitambaa chekundu cha flaneli. Kitambaa hicho alikithamini kuliko sanduku. Chuoni walikuwa wamefundishwa kukitundika ukutani na kubandika juu yake picha za kuku, nyumba na mti, nazo zikishika zenyewe bila gundi wala pini. Darasa walilofanyia mazoezi lilikuwa la watoto ishirini na wanne wa mjini Kisii, wamevaa viatu, kila mmoja na dawati lake na penseli yake. Somo la mwisho la Drusilla lilipata alama ya juu. Mkufunzi akaandika chini yake: "Yuko tayari."

Mwaka huohuo aliolewa Gesima, akapewa darasa la kwanza B katika shule ya kanisa iliyokuwa juu ya mashamba ya chai. Watoto walikuwa sitini na wanane, wamekalia magogo. Penseli zilikuwa tisa. Asubuhi ya kwanza alitundika flaneli yake ukutani, na ninyi mnaoijua Gesima mnajua asubuhi zake: ukungu uliingia dirishani, kitambaa kikalowa unyevu, picha zikaanza kudondoka. Kuku akaanguka. Nyumba ikaanguka. Watoto wa nyuma, ambao hata hawakuwa wameziona, wakacheka kwa sababu wa mbele walikuwa wanacheka.

Kufikia Julai hakuna mtoto hata mmoja wa darasa la kwanza B aliyeweza kusoma jina lake. Yuko tayari, mkufunzi alikuwa amesema. Tayari kwa jambo gani? Kuna watu wanaoweza kuandika maneno mawili chini ya karatasi, wakala chakula chao cha mchana, na wasiulize tena.

Darasa la kwanza A lilikuwa upande wa pili wa ukuta, ukuta wa udongo usiofika darini, na mwalimu wake alikuwa Manasseh Momanyi. Huyu hakuwa na cheti chochote. Alisoma mpaka darasa la sita, kanisa likamwomba afundishe, akafundisha. Alikuwa ameanza mwaka wa 1952 na watoto wake walisoma. Basi ungedhani Drusilla angezunguka ukuta, abishe hodi, aseme, "Mwalimu, nisaidie."

Haikuwezekana. Manasseh alikuwa mdogo wa baba mkwe wake. Kwa Wagusii huyo naye ni baba mkwe, na kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna heshima tunayoiita chinsoni. Hawashikani mikono, wala hawakai pamoja kuzungumza. Mzee haingii nyumba ya mokamwana, yaani mke wa mwanawe, na mokamwana halitamki jina la mzee, hata akiulizwa. Shule nzima ilikubaliana kwamba darasa lina mlango na paa, kwa hiyo ni nyumba. Mvua ikinyesha Manasseh aliona heri apite nje, alowe, kuliko kukatiza katika darasa la Drusilla.

Siku moja ya Julai Drusilla aliegemea ukuta ule akalia, akidhani watoto wako nje na hakuna wa kusikia. Kesho yake sauti ya Manasseh ikapanda. Mtu aliyekuwa akifundisha kwa upole miaka yote alianza kunguruma kama anahubiri kwenye kambi ya Sabato.

"Watoto wangu," sauti ilisema juu ya ukuta, "kama kungekuwa na mwalimu aliye karibu na hapa, simtaji, ningemwambia hivi. Aachane na hicho kitambaa. Kila mtoto aje na kipande cha jani la mgomba na mwiba. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mwalimu," watoto wa A wakajibu, wameshangaa, maana wao walikuwa na majani yao tayari magotini.

"Aandike kwa mwiba, asikwaruze sana. Mwanzoni hataona kitu. Angoje. Mstari utageuka kuwa wa kahawia polepole, na mtoto ataiona herufi yake ikitokea. Mtoto akishaiona herufi ikitokea yenyewe, haisahau. Na mwalimu huyo, kama yupo, aanze na majina ya vitu vya nyumbani kwao, asianze na vya kwenye picha. Na herufi zake ubaoni, hata kwa mpitaji dirishani, zimelala kama walevi. Azinyooshe."

Drusilla alikuwa ameshika chaki. Akageukia watoto wake.

"Darasa la B, semeni asante."

"Asante, mwalimu."

"Semeni kwa nguvu, asante iruke."

Hivyo ndivyo Drusilla Nyangate alivyosomea ualimu. Miaka mitano, kupitia juu ya ukuta. Alijifunza kupanga watoto wenye kasi kando ya wenye uzito, kuwaacha wasome wakitembea asubuhi za baridi, kugundua mtoto asiyeona vizuri kabla hajaitwa mjinga. Hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Akitaka kuuliza, aliwauliza watoto wake kwa sauti kubwa, na jibu likaja kwa watoto wa upande wa pili. Walimu wengine waliwacheka. "Leo mkwe amehubiri mpaka paa limetingishika," walisema, na Drusilla akacheka nao. Kufikia mwaka wa 1971, kati ya watoto sitini na wanane wa darasa lake la mwaka huo, sitini na mmoja walikuwa wanasoma.

Ndipo fomu zikaja.

Chuo kilitaka kujua wahitimu wake wanafanyaje kazi. Jambo zuri, wala silipingi. Wilayani nako kulikuwa na habari iliyojulikana kila shule: fomu zikionyesha kwamba chuo kinaandaa walimu vizuri, wahitimu wapya watachukua nafasi za wasio na cheti mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kila alama ya tiki katika darasa la Drusilla ilikuwa inaamua kama Manasseh atabaki.

Aliyekuja ni Bwana Walter, mkufunzi wa chuo, mtu aliyevaa tai na ambaye hakuwa Mgusii. Sijui kama alikuwa mbaya. Alikuwa na shule tisa za kumaliza wiki ile, na nane alizokuwa ameziona zilikuwa zimemvunja moyo. Hedimasta, Thadeus Obwocha, alimleta mpaka darasa la B, na Manasseh akaitwa asimame nje mlangoni pamoja na walimu wengine, kwa adabu.

Watoto wakasoma. Wakaandika juu ya majani, wakangoja, herufi zikatokea. Bwana Walter aliinua jani moja kwenye mwanga, akaligeuza.

"Mwalimu, hii ni kazi safi. Mlifundishwa mwaka wa kwanza au wa pili?"

"Sikufundishwa chuoni, bwana."

"Ulienda semina?"

"Sikwenda."

"Basi ulijifunza kwa nani?"

Drusilla akatazama mlangoni. Mwenye jina alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi, anatazama chini kama inavyompasa. Jina lilipanda mpaka kwenye meno. Alikuwa mokamwana wa miaka mitano, mwenye watoto wawili, na mama mkwe anayesikia kila kitu. Akasema, "Kwa mtu wa upande wa pili wa ukuta."

Bwana Walter akatabasamu, akageuka. "Ni wewe, mzee? Umewahi kuingia humu ndani kumsaidia huyu mama?"

Hebu fikirieni swali hilo lilivyosikika masikioni mwa Manasseh Momanyi. Mbele ya watu, mgeni anamuuliza kama amewahi kuingia nyumba ya mke wa mwanawe. Aliinua kichwa, akajibu kwa fahari, kwa ukweli mtupu.

"Sijawahi. Hata siku moja. Uliza shule nzima."

"Hajawahi," walimu wakathibitisha, maana hata wao walisikia kwamba heshima ya mzee ndiyo inayoulizwa.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: chuoni, semina, juhudi binafsi. Bwana Walter, akiona mzee amekana, akatia tiki kwenye chuoni. Thadeus Obwocha alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kusoma kila neno. Yeye alijua. Alikuwa amesikia mahubiri yale ya ukutani miaka mitano. Akakohoa, akamwambia mgeni chai iko tayari.

Mgeni alipoondoka Drusilla alimfuata Thadeus ofisini.

"Wewe ulijua."

"Mwalimu, keti."

"Siketi. Ulijua, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nisimame nimweleze mgeni mambo ya wakwe, atuone washamba? Na wewe je? Ulikuwa na mdomo."

Hilo ndilo lililomchoma. Kwa sababu alikuwa nao. Alitoka ofisini bila kuaga, na kwa wiki nzima alifundisha kwa sauti ya chini, akiogopa ukuta.

Barua ilifika Desemba. Ilimshukuru Manasseh kwa miaka kumi na tisa kwa mistari miwili na nusu. Siku ya mwisho alifagia darasa lake mwenyewe. Alipomaliza, sauti ilikuja juu ya ukuta, bila ngurumo safari hii.

"Watoto wangu," alisema, na hapakuwa na mtoto hata mmoja ndani, "yule mwalimu asimlaumu mtu."

Drusilla aligeukia darasa lake. Hapakuwa na watoto wa kumjibia.

Januari, darasa la A lilipata kijana mwenye cheti kipya kutoka chuo kilekile. Alitundika flaneli. Ilikuwa ya bluu. Kufikia Pasaka watoto wake walikuwa wakikariri ukurasa wa kwanza huku kitabu kimefunguliwa ukurasa wa tisa. Sitamcheka kijana huyo. Alikuwa ametumwa na watu waliokuwa na fomu inayosema kwamba yuko tayari.

Bwana Walter alirudi mwaka wa 1973, siku ya wazazi. Chuo kilikuwa kinatoa kijitabu, na ndani yake kulikuwa na sura nzima: namna chuo kinavyofundisha matumizi ya majani ya mgomba. Alitaka Drusilla aweke sahihi kwenye fomu ya kuthibitisha. Alisimama mbele ya wazazi wote uwanjani, akamsifu, akampa kalamu. Katika safu ya akina mama alikaa Orpah, mke wa Manasseh, na kando yake mama mkwe wa Drusilla mwenyewe.

Drusilla alisoma fomu. Aliisoma tena.

"Bwana Walter," alisema, "mwaka ule uliniuliza nilijifunza kwa nani."

"Ndiyo, na tukaandika."

"Uliandika wewe. Nilijifunza kwa Manasseh Momanyi."

Mama mkwe alifunika mdomo kwa leso. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Amesema nini huyu?" na Drusilla, kwa kuwa aliulizwa, akarudia.

"Manasseh Momanyi. Hakuingia darasani kwangu kwa sababu ni baba mkwe wangu na ana heshima. Alinifundisha juu ya ukuta. Miaka mitano. Ninyi mlinipa kitambaa. Mlipokuja kupima kazi yenu mlipima yake, mkaiita yenu, kisha mkamfukuza kwayo. Na mimi niliyemwacha afukuzwe ili nisitamke jina, nimeshalitamka sasa. Haya, liandike."

Bwana Walter alipekua fomu mbele na nyuma. Uso wake ulikuwa umebadilika, nitampa haki hiyo.

"Mwalimu, hakuna nafasi," alisema kwa sauti ndogo. "Fomu haina nafasi ya jina."

Drusilla akaichukua fomu, akailaza juu ya kiti, akaandika jina lile kukatiza visanduku vyote vitatu, kutoka pembe hadi pembe.

Nyumbani kwa mume wake mambo hayakuwa mepesi. Wazee walikaa, ikasemwa kwamba mokamwana amevua chinsoni mbele ya umati, na mama mkwe hakula chakula alichopika Drusilla kwa mwezi mmoja. Drusilla hakubisha. Alisema kosa amelifanya na atalifanya tena.

Siku ya nane baada ya siku ya wazazi Orpah alikuja shuleni na kikapu cha ndizi. Akakiweka mlangoni.

"Mzee amenituma," alisema. "Anasema ameambiwa uliandika jina lake."

"Amekasirika, mama?"

"Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akamtuma mtu amchoree vile ulivyoandika. Akatazama. Akasema nikwambie kwamba herufi zako siku hizi zimenyooka."

Drusilla aligeuka ukutani, akaugusa kwa kiganja. Kisha akaenda darasa la A, akamwambia yule kijana mwenye flaneli ya bluu achukue daftari lake. "Shamba la ndizi la kwanza ukishuka kisimani," alimwambia. "Wewe si mkwe wake. Bisha hodi, uingie, ukae chini."

Kuhusu fomu, chuo kiliirudisha baada ya miezi miwili, ikiwa na karatasi ndogo: imeharibika, tafadhali jaza upya. Walikuwa wameweka nyingine, safi, yenye visanduku vilevile vitatu. Drusilla alijaza upya. Kutoka pembe hadi pembe, Manasseh Momanyi. Wakairudisha. Ya tatu ilipokuja aliikandamiza zaidi, wino ukapenya mpaka nyuma ya karatasi. Hiyo hawakuirudisha, wala kijitabu hatukukiona.

Manasseh hakurudishwa kazini. Msiniulize kwa nini. Waulizeni wenye visanduku.